Alfajiri za Mumbi, Kigwa

Ninyi mliokwenda shule na michembe ya viazi vikavu mfukoni, fagio kwapani na dumu la maji kichwani, mtanielewa. Kizazi chetu hakikuamshwa na simu. Waliotuamsha walikuwa na manyoya, na hawakuwa na kitufe cha kuwazima. Kwanza jogoo, kisha kwale nyuma ya choo, akikwaruza sauti kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Kwale akishanyamaza, mama alikuwa tayari jikoni na moshi umeanza kupenya kwenye nyasi za paa. Ukilala baada ya hapo ulikuwa unalala kwa ujeuri, na dawa ya ujeuri ilikuwa kata moja ya maji ya mtungi, shingoni.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Kigwa, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe viligongana kabatini. Baba alikuwa mtu wa gengi. Vijana wa leo ukiwaambia gengi wanafikiri ni wahuni, au ni pale panapouzwa nyanya na vitunguu. Gengi letu lilikuwa la watu wa reli, wale wanaotembea na spana ndefu na nyundo nzito, wakikaza boliti, wakibadilisha mataruma yanayobeba reli, wakirudisha kokoto zilizotawanyika. Baba alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Kutwa nzima alipiga chuma juu ya chuma, na jioni alirudi mabega yamechoka, ananuka grisi, anaomba maji kabla hajakaa. Mimi ndiye niliyempelekea, kwa sababu nilikuwa kifungua mimba wake. Aliniita Kabula, maana nilizaliwa mvua ikinyesha.

Sasa, kuna majira fulani kwetu Unyamwezini ambayo sijui kama yana jina. Kiangazi kinakuwa kimefika mwisho wake. Ardhi imekauka kama kigae, visima vimebaki na tope, mbuzi wanatafuna hata makaratasi. Hakuna hata tone lililoanguka. Halafu asubuhi moja unatoka nje unakuta miombo imechipua majani mapya, na majani yenyewe si ya kijani. Ni mekundu. Pori zima linawaka rangi ya shaba, rangi ya divai, rangi ya ulimi wa mtoto mchanga, na mvua bado iko wiki tatu mbele. Miti hiyo inajuaje? Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na bado sijapata jibu la kuniridhisha. Ndege nao wanajua. Waliokuwa kimya tangu baridi ya mwezi wa saba wanaanza kuimba wote kwa mara moja, kama wanaodaiana nyimbo.

Kila mwaka, pori likiwa jekundu, baba alichagua asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko, akanichukua kwenda kusikiliza ndege. Hatukwenda kuwinda wala kurina asali. Tulikwenda kusikiliza tu. Majirani walimcheka. "Mtu mzima anaingia porini, anarudi hata kuni hana!" Baba alicheka nao, na mwaka uliofuata alikwenda tena.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa limeanza kulegea, mimi nimejifunga kanga ya mama, baba amevaa koti lake la kazi. Tuliifuata njia ya zamani, ile ya misafara. Kama hujawahi kuiona, usitarajie barabara. Ni mfereji wa mchanga uliozama katikati ya pori kwa kukanyagwa na nyayo za watu, na ingawa hakuna aliyeutumia kwa miaka mingi, nyasi zilikuwa bado zinaota hapo kwa kusitasita. Babu yake baba alikuwa mpagazi. Aliitembea njia ile mpaka pwani akiwa na mzigo begani, akarudi na mzigo mwingine, na safari hiyo ilimchukua miezi mingi. Baba aliniambia, "Walikuwa hawana saa. Mumbi wakianza kuunguruma, wanajua ni wakati wa kufunga mizigo."

"Mumbi ni nani?" nikauliza.

"Utamsikia."

Tulifika kwenye kichuguu kikubwa, tukakaa. Baba akaweka kidole mdomoni. Nikangoja nikiwa na baridi na usingizi, nikifikiria uji wangu nyumbani.

Alianza mmoja tu, mbali, kwa mluzi mwembamba wa maswali mawili matatu. Akajibiwa na mwingine kulia kwetu. Kisha tiva wakaingia, dume na jike wakigawana wimbo mmoja, huyu akianza na yule akimalizia, hata ukaapa ni ndege mmoja. Dudumizi akamimina sauti yake kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Njiwa wakaanza. Kurumbiza akawaiga wote, kisha akaongeza vyake. Mwanga ukawa unapanda na sauti zinapanda nao, mpaka nikahisi pori limejaa kiasi kwamba nikinyanyua mkono nitaugonga wimbo. Sikuwa tena na baridi. Nilikuwa nimefungua mdomo, na sikujua nimeufungua.

Hapo ndipo mumbi walipounguruma. Ni ndege wakubwa weusi, urefu wao unamfika mtoto kiunoni, wenye ngozi nyekundu shingoni, wanaotembea chini taratibu kama wakaguzi wa shule. Sauti yao haiingilii masikioni. Inaingilia kifuani. Mmm, mm-mm. Mmm, mm-mm. Kwanza moja nzito, kisha nyingine nyepesi kidogo.

"Dume anauliza, umelima?" baba akaninong'oneza. "Jike anamjibu, bado, bado mvua."

Nilianza kulia. Sikuwa na huzuni wala sikuogopa, na mpaka leo sina neno lake. Baba alinifunika kwa upande wa koti lake tukakaa vile mpaka jua lilipochomoza, na majani yale mekundu yakawaka juu ya vichwa vyetu.

Tulikwenda mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Baba alizoea kunipima. Tukiwa tumekaa, alinitazama kisha akauliza, "Yule nani?" Nikasema, chozi, yuko kwenye maua ya mti ule. "Na yule?" Kurumbiza. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nilijiona mwanafunzi hodari kuliko wote Tanganyika.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, tulirudi nyumbani kwa njia ya reli. Ilikuwa asubuhi nzuri, hewa ina harufu ya vumbi na majani mapya. Baba alitangulia, akitembea katikati ya reli na kuruka taruma hadi taruma kama alivyozoea. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwenye kijia cha pembeni, naokota matunda ya mbula yaliyoanguka. Ndipo nikasikia kiberenge. Wale waliokulia karibu na reli wanakijua, kile kigari kidogo cha wakaguzi kinachokwenda chenyewe juu ya reli. Hakitikisi ardhi kama treni. Kinakuja na mlio mwembamba kama wa nyuki, na honi yake ni kali, ya kuchoma.

Kilitokea kwenye kona nyuma yetu. Kikapiga honi. Nikatazama mbele kuona baba anatoka relini. Hakutoka. Kikapiga tena, mara mbili, mara tatu. Baba aliendelea kuruka taruma hadi taruma, mkono mmoja mfukoni, kama mtu aliye peke yake duniani.

"Baba!"

Hakugeuka.

Nilitupa mbula zote. Sijui nilikimbiaje juu ya kokoto zile kwa miguu mitupu. Nakumbuka tu nimeshika koti lake kwa mikono miwili na kujitupa pembeni kwa uzito wangu wote, tukaanguka pamoja kwenye tuta, na upepo wa kiberenge ukatupita usoni na harufu ya breki zilizoungua.

Kilisimama mbele. Dereva alishuka akaja anatetemeka, na kwa kuwa anatetemeka, akafoka. "Mzee! Wewe ni mtu wa reli! Honi zote zile! Umelewa asubuhi yote hii?"

Baba alimtazama mdomo. Halafu akasema, "Samahani, bwana. Nilikuwa na mawazo."

Yule mtu alikwenda zake akitikisa kichwa. Baba alikung'uta vumbi kwenye magoti yangu, akaangalia damu iliyokuwa inatoka, akaifuta kwa kidole gumba. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Kabula. Mama yako asijue."

Na hapo, nikiwa nimekaa kwenye kokoto, nilielewa. Hakuwa ananipima. Maswali yale yote ya "yule nani?" yalikuwa maswali kweli. Alikuwa anaangalia shingo yangu ikigeuka, anajua kuna ndege nimemsikia, kisha ananiuliza kwa sababu yeye hakusikia kitu. Chuma kilichopigwa juu ya chuma miaka yote ile kilikuwa kimemla masikio, kikianza na sauti nyembamba. Chozi aliondoka kwanza. Kisha kurumbiza. Sasa honi.

Nilimwahidi. Nilikuwa mtoto, naye alikuwa baba yangu.

Siku nane nilizoishi na ahadi ile sitazisahau. Kila asubuhi alichukua spana yake akaenda kukagua reli, peke yake, maili nyingi porini. Kila asubuhi nilikwenda shule, na mwalimu akiandika hesabu ubaoni mimi nilisikiliza reli. Siku ya nane treni ilipiga honi ndefu kupita kawaida, upande wa stesheni. Ndefu mno. Nilitoka darasani bila ruhusa, na enzi zetu mnajua maana yake. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta mama anapepeta mtama.

"Mama, baba hasikii."

Aliweka ungo chini. Nilimweleza yote, reli, kiberenge, ahadi. Alitazama njia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Tangu zamani."

"Miaka miwili," mama akasema, kama anayejisemesha mwenyewe. "Miaka miwili namwita mume wangu hageuki. Mimi nilidhani amenichoka."

Kisha akafunika uso kwa kanga, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alifanya vyote viwili.

Honi ile, ilikuja kujulikana, ilikuwa ya ng'ombe waliolala relini. Baba alirudi jioni salama. Mama hakumpa maji mlangoni. Alimwekea kigoda, akakaa mbele yake uso kwa uso ili aone mdomo wake, akasema polepole, "Baba Kabula. Kesho unakwenda kwa nyapara kumwambia, au nakwenda mimi."

Baba hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, na wengine walikuwa wamenikasirikia kwa haki. Hakuna macho yaliyoniumiza kama yale.

Alikwenda mwenyewe. Nyapara wa gengi lao alikuwa mtu mwema, na hakumfukuza. Alimwombea kazi ya kutunza pampu ya maji pale stesheni. Lakini kwa baba, aliyekuwa anaitembea reli kama shamba lake, kukaa kwenye kibanda cha pampu kulikuwa kama kufungwa. Mvua zikanyesha, tukalima, tukapalilia, tukavuna karanga na mtama. Muda wote huo baba alisema nami maneno ya lazima tu. Lete maji. Funga mbuzi. Mama aliniambia nivumilie, kwamba hana hasira na mimi, ana hasira na masikio yake. Nilimsikia mama, lakini moyo wa mtoto hauelewi hesabu hizo. Niliamini nimempoteza baba yangu ingawa bado yu hai, na kwamba nimempoteza kwa kumwokoa.

Kiangazi kikapita. Asubuhi moja nikatoka nje kufagia nikaona pori limekuwa jekundu. Niliinamisha kichwa nikaendelea kufagia. Sikutaka hata kulitazama.

Siku tatu baadaye, kukiwa bado giza, nikahisi mtu ananigusa mguu. Alikuwa baba, amevaa koti lake.

"Amka," akasema. "Tutachelewa."

Tulitembea yeye mbele, mimi nyuma. Mchanga wa njia ya misafara ulikuwa baridi chini ya nyayo. Tulipofika kwenye kichuguu alikaa upande wa kushoto kwangu, ambapo hakuwahi kukaa, sikio lake la kulia likiwa karibu na mdomo wangu.

"Haya," akasema. "Niambie."

Nilimwambia. Nilimwambia wote. Ameanza yule mwenye mluzi mwembamba, yuko mbali, upande wa reli. Sasa tiva, wawili. Sasa dudumizi, anamimina. Nilimpigia mluzi wa kurumbiza sikioni, vibaya, na baba akacheka, mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Akasema, "Hapana, hawezi kuwa amezeeka hivyo." Mwanga ulipozidi, aliacha kutazama miti akawa anatazama midomo yangu. Nilizungumza haraka maana walikuwa wengi, walikuwa wanaimba wote kwa pamoja, na mimi nilikuwa na mdomo mmoja. Nilianza kuogopa kwamba nitamwacha ndege hata mmoja nje.

Ghafla aliinua mkono.

"Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Huyo," akasema. "Huyo namsikia mwenyewe."

Mmm, mm-mm. Mmm, mm-mm. Kutoka bondeni, nzito na ya chini, ile sauti ya kifuani. Masikio yake yalikuwa yamepoteza kila kilicho chembamba, lakini sauti ya mumbi ilikuwa bado inampata. Baba alifumba macho. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke bila kuyafuta, naye alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Waliunguruma kwa muda mrefu asubuhi ile. Nadhani sijawahi kusikia sala ndefu kuliko hiyo.

Walipotulia alisema, bila kufumbua macho, "Nilijua, Kabula. Kila siku nilipotoka na spana ile nilijua ipo siku sitarudi. Nikawa naenda tu, kwa sababu ya aibu. Wewe hukuona aibu."

Nilikamata mkono wake, na tulirudi nyumbani kwa njia ya porini.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alizeeka akiwa na wajukuu wanaompigia kelele, akafa kitandani mwake, mama akiwa pembeni. Kila mwaka, pori lilipokuwa jekundu, nilijitahidi niwe nyumbani. Nikiwa chuoni niliomba ruhusa kwa kusingizia msiba, Mungu anisamehe.

Siku hizi naishi Tabora mjini, nimestaafu kufundisha. Oktoba iliyopita nilimchukua binti yangu wa mwisho, Neema, tukaenda. Alitaka kujua kwa nini tuamke saa kumi wakati ndege wote wamo kwenye simu, unabonyeza tu, tena unachagua sauti iwe kubwa au ndogo. Nikamwambia avae viatu. Zamani tulitoka mlangoni kwetu tukawa tumefika. Sasa ni saa nzima ya pikipiki, kupita mashamba ya tumbaku, magunia ya mkaa yaliyopangwa barabarani na tuta la reli mpya, ndipo upate miombo ambayo haijakatwa. Dereva wa bodaboda alituuliza tunakwenda kuchimba nini. Njia ya wapagazi sikuiona tena, pamelimwa. Kichuguu hakipo. Mumbi nao hatukuwasikia asubuhi ile, ingawa niliwangoja sana.

Lakini miti iliyobaki ilikuwa myekundu, bila tone la mvua. Na giza lilipolegea, mmoja akaanza, mbali, mluzi mwembamba. Mwingine akamjibu. Walikuwa wachache kuliko wale wetu. Hata hivyo, walivyoanza ndivyo walivyoanza enzi zetu, kwa nguvu zote, bila kuuliza pori limebaki kiasi gani wala wasikilizaji ni wangapi. Neema, mtoto ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, alisimama katikati ya majani mekundu, mdomo wazi. Nilitaka kumwambia majina yao. Nikaona nisimharibie. Tulikaa pale mpaka jua likapanda juu ya miti, na hakuna kati yetu aliyeuliza saa.